Gego Likipasuka: Lini Jino Hutaka Kofia na Lini Kuziba Kwatosha

Mzee mmoja wa Lamu alitufikia kwenye zahanati yetu ya meno Malindi wiki ya pili ya Ramadhani, kipande cha jino kakifunga kwenye risiti ya basi. Jana yake alifuturu kwa tende, akauma kokwa. "Na pakiti imeandikwa hazina kokwa," alilalamika, kana kwamba sisi ndio tulioziuza. Gego lake la chini lilikuwa limezibwa miaka mingi nyuma. Ukuta wa upande wa shavu ulikuwa umeondoka karibu wote pamoja na nusu ya kijazo, na ulimi haukuacha kwenda kupapasa pale penye makali. Hakuwa na maumivu ya kumliza. Alichotaka ni kimoja: "Nizibie tu, daktari, niwahi basi la mchana."

Daktari akamjibu, "Kuziba nitakuzibia, mzee wangu. Lakini utarudi."

Mimi huwa upande wa pili wa kiti, nimeshika bomba la kunyonya mate. Mwaka wa tisa huu. Mabishano hayo nayasikia karibu kila wiki, na mara nyingi mgonjwa huondoka ameambiwa anahitaji kofia ya jino, yaani ganda la kulifunika jino lote, wengine huiita krauni, bila kuelewa ni kwa nini. Akifika nyumbani jirani humwambia ni ujanja wa kumla pesa. Pengine ni kweli, pengine si kweli. Ukiufuata mwongozo huu utaweza kupambanua mwenyewe.

Kwanza, jua kijazo hushikwa na nini

Kwa mtu wa Lamu jambo hili hulieleza kwa jahazi. Mafundi wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi, wakikalafati, hupiga pamba yenye mafuta katikati ya mbao na maji hayaingii. Lakini pamba hiyo imeshikwa na mbao. Mbao zikiwa zimelegea kwenye mataruma, kila ukizidi kugonga ndivyo unavyozidi kuzipanua. Kijazo cha jino ni kalafati. Kikiwa kidogo, jino hukishika. Kikiwa kikubwa kuliko jino lililobaki, kila ukitafuna hicho kijazo huzisukuma kuta nje kama kabari.

Gamba la juu la jino, enameli, ni gumu kuliko kitu chochote mwilini, mfupa ukiwemo. Ila ugumu wake ni wa sahani ya kauri: halipindi, lapasuka. Chini yake kuna dentini, laini kidogo, inayopokea kishindo. Katikati kabisa kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, kinachoteremka hadi kwenye mizizi.

Gego lina ncha nne au tano juu yake, na kingo mbili, ya mbele na ya nyuma, zinazozifunga kuta pamoja kama boriti. Uozo wa katikati ya meno mawili hula kingo hizo kwanza, tena kwa siri, maana mswaki haufiki pale. Zikiliwa zote mbili, kuta husimama peke yake kama gofu lililotolewa boriti. Kwa macho jino ni zima. Hapo ndipo kijiwe cha kwenye wali au kokwa humaliza kazi.

Pili, jipime nyumbani kabla ya kupanda mashua

Tia maji baridi kinywani. Kama jino linastuka kisha linatulia mara unapoyameza, kiini bado ki hai na pengine ki salama. Kama maumivu yanabaki dakika nzima au zaidi, au jino linakuamsha usiku likipwita bila kuguswa, kiini kinakufa. Hapo kofia haiwezi kuwa kazi ya kwanza. Mizizi itasafishwa kwanza, kisha ndipo jino livishwe.

Jaribu kuuma kitu kigumu kiasi, kama kipande cha karoti. Maumivu makali ya ghafla yanayokuja pale unapoachia, si pale unapobana, ni dalili ya ufa. Unapobana, pande mbili za ufa hufunguka kidogo. Unapoachia hurudiana, na umajimaji ulio ndani ya jino husukumwa kuelekea kwenye mishipa ya fahamu. Wagonjwa wa namna hii huteseka sana kwa sababu picha ya eksirei mara nyingi haionyeshi kitu. Mama mmoja aliambiwa huko alikotoka kwamba jino halina neno, ni mawazo yake tu. Daktari wetu alimpa kijiti cha plastiki akiumie ncha moja moja, na ncha ya tatu ikamrusha kitini.

Angalia pia ufizi. Kipele kidogo kinachotoa usaha, kinafura na kupoa, mara nyingi maana yake jino limekufa na lina maambukizi kwenye ncha ya mzizi, hata kama haliumi.

Na shavu likivimba, homa ikapanda, mdomo usifunguke vizuri au kumeza kukawa kwa tabu, habari ya kofia iweke kando. Nenda hospitali iliyo karibu nawe siku hiyo hiyo.

Ukiwa unangoja nafasi, sukutua kwa maji ya vuguvugu na chumvi, tafunia upande mwingine, na meza dawa ya maumivu uliyozoea kwa kipimo chake. Mafuta ya karafuu yanasaidia kweli, na hata saruji ya muda wanayotumia madaktari huchanganywa na kiini cha mafuta hayo. Tone moja kwenye pamba, juu ya jino, latosha. Ukiyamwaga yataunguza ufizi. Usiweke aspirini kwenye ufizi, huacha kidonda cheupe. Maji ya betri sitaki hata kuyazungumza, ingawa nimeona kinywa cha mtu aliyeyatumia. Na vile vidonge vya rangi mbili vya antibayotiki vilivyobaki kwenye kabati havizibi tundu wala haviungi ufa.

Tatu, uliza kilichobaki

Watu hutazama kilichovunjika. Daktari mzuri hutazama kilichobaki, na uamuzi wote umekaa hapo.

Kofia ni ganda linalolifunika jino lote hadi ukingoni mwa ufizi. Kazi yake ni ya noleo, ile pete ya chuma kwenye mpini wa kisu. Noleo haliongezi ukali wa kisu. Huubana mpini usipasuke. Lakini ili noleo lishike, lazima pawepo na mti mzima wa kulivalia. Kwa jino, panatakiwa mzunguko wa jino zima usiopungua kama milimita 2 juu ya ufizi, pande zote. Kofia ikibana hapo, jino hustahimili. Ikikaa juu ya kijazo kitupu, siku moja kofia, kijazo na kila kitu vitatoka pamoja kwenye kipande cha muhogo.

Sasa, jino linalostahili kofia ni lipi? Lililo wazi kuliko yote ni gego lililosafishwa mizizi. Utasikia watu wakisema jino lililokufa hukauka kama kuni, ndiyo maana huvunjika. Sababu yenyewe ni rahisi zaidi. Jino hilo lilishaliwa na uozo, kisha daktari akalitoboa katikati ili aifikie mizizi, kwa hiyo limebaki mtungi mtupu. Tena kwa kuwa halina kiini, halikupi onyo ukiliuma vibaya. Likipasuka wima hadi chini ya ufizi, hakuna fundi wa kuliunga. Nimewaona wengi waliolipia matibabu ya mizizi, maumivu yakaondoka, wakashukuru na wasirudi tena. Miezi baadaye jino limegawanyika mara mbili na tunatoa koleo. Ikiwa una pesa za hatua moja tu mwaka huu, mwambie daktari mapema, kabla hajagusa mizizi.

Gego lililopoteza ncha moja au zaidi nalo hustahili, na lile ambalo kijazo kimechukua zaidi ya nusu ya upana wake. Vilevile lenye ufa unaouma, maadamu ufa haujateremka kwenye mzizi, na lililosagika kwa sababu mwenyewe husaga meno usingizini; mke au mume ndiye atakayekwambia. Kijazo kikidondoka mara ya tatu mahali pale pale, usimlaumu fundi wa mara ya nne. Kuta hazipo.

Mengine hayastahili. Tundu dogo lizibwe. Jino la mbele lililosafishwa mizizi lakini kuta zake ni nzima mara nyingi hutosheka na kijazo kizuri, kwa sababu halibebi uzito wa gego. Jino lililolegea kwa ugonjwa wa fizi usilivishe kofia, ni kupaka rangi nyumba inayozama. Jino lililooza hadi chini ya mfupa ling'olewe, ufikirie pengo baadaye. Na kijana anayetaka meno sita mazima yachongwe ili yawe meupe kwa ajili ya harusi, mimi humwombea daktari akatae. Enameli ikishachongwa haioti tena, na baadhi ya meno hai yaliyovishwa kofia kiini chake hufa miaka ya mbele. Kusafisha na kung'arisha ni kazi ya siku moja.

Kuna pia njia ya katikati ambayo wengi hawaambiwi: kofia nusu, inayofunika ncha tu bila kuchonga mbavu za jino. Kama kuta za chini ni nzima, iulizie.

Neno moja juu ya watoto. Gego la kwanza la ukubwani huota karibu na umri wa miaka 6, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Kina mama wengi huliacha lioze wakidhani litabadilika. Halibadiliki. Magego ya utoto nayo hukaa hadi miaka 10 au 12, kwa hiyo la mtoto wa miaka 5 lililotoboka si la kudharauliwa. Lina kofia yake ya chuma iliyotengenezwa tayari, ambayo mara nyingi hupachikwa bila sindano wala kuchonga. Watoto hutoka nje wakionyeshana jino la fedha.

Nne, kinachofanyika kitini

Hesabu safari mbili kwa uchache, na kama mizizi inahusika, tatu au nne. Kwa anayetoka kisiwani, hiyo ni mashua hadi Mokowe, gati la bara, kisha basi, kwenda na kurudi, kila safari. Sema unakotoka unapoweka miadi. Sisi huwaunganishia watu wa Lamu kazi mbili siku moja, lakini asiyesema hatumjui. Suala la sindano na saumu mwulize maalim wako. Anayetaka, sisi humwekea nafasi baada ya futari.

Safari ya kwanza huanza na picha ya eksirei. Kofia isiyotanguliwa na picha ya mzizi ikatae. Rangi huchaguliwa mapema, jino likiwa bado na mate na kando ya dirisha, kwa kuwa jino likikauka hupauka na taa ya kitini hudanganya. Kina dada, futeni rangi ya mdomo kwanza.

Halafu ganzi. Uozo wote na kijazo cha zamani hutolewa, na hapa ndipo mara nyingine mpango hubadilika, kwa sababu ufa uliojificha huonekana. Jino hujengwa upya kwa kijazo kigumu, kisha huchongwa: juu kama milimita 1.5 hadi 2, ubavuni kama milimita 1. Sauti ni ya kuudhi na maji hurashia hadi kidevuni, leta leso. Uzi mwembamba huingizwa kati ya jino na ufizi ili ukingo uonekane wazi. Kisha chapa: donge kama la unga uliokandwa hukaa kinywani dakika chache mpaka ligande. Ukiwa na tabia ya kutapika, pumua kwa pua na inua mguu mmoja, uushikilie juu. Akili hushughulika na mguu. Sijui nani aliyeanzisha hila hii lakini hunisaidia kila siku. Zahanati nyingine hupiga picha kwa kamera ndogo badala ya donge.

Chapa huenda kwa fundi wa maabara, nawe unaondoka na kofia ya muda. Wiki moja au mbili kwa kawaida.

Safari ya pili ni fupi lakini usiiharakishe. Kabla ya gundi kutiwa, kofia hujaribiwa kavu. Omba kioo. Daktari atapitisha uzi pande zote mbili, kisha atakuumisha karatasi nyembamba ya buluu: tak, tak, saga kushoto, saga kulia. Pale palipozidi huacha doa zito, na huchongwa kidogo. Ukihisi jino linatangulia kugusa kabla ya mengine, sema, hata kama daktari keshavua glovu. Kofia iliyoinuka unene wa unywele itakuumiza kila mlo.

Tano, ya nini? Kauri, chuma au dhahabu

Zirkonia, aina ya kauri, ni ngumu, ina rangi ya jino, na siku hizi ndiyo inayotumika sana nyuma. Kauri iliyopakwa juu ya chuma ni ya siku nyingi na ya kuaminika, ila kauri yaweza kubanduka, na fizi zikishuka huonekana mstari wa kijivu. Kauri tupu hupendeza zaidi kwa meno ya mbele. Kwa chuma kitupu au dhahabu jino huchongwa kwa uchache kuliko kwa hizo nyingine, na hudumu sana. Kwa gego la mwisho ambalo hakuna anayeliona, ningechagua hicho kwa ajili yangu. Kama hereni za bandia hukuwasha masikio, mwambie daktari, maana huenda ni nikeli, nayo imo katika baadhi ya vyuma vya kofia.

Sita, wiki za kofia ya muda

Imeshikwa na gundi dhaifu makusudi, ili itoke siku ya pili. Kwa hiyo halwa, tende, kashata, ubuyu na bigijii viache upande huo, na miraa au muguka vipumzishe kabisa, kwa sababu bonge hukaa shavuni saa nzima likivuta. Uzi wa meno uutoe kwa kuuvuta ubavuni, usiunyanyue juu.

Ikitoka, usingoje hadi siku ya miadi. Meno ya jirani husogea, jino la upande wa pili hushuka, na kofia mpya ikifika haiingii. Ioshe, irudishe kwa dawa ya meno kidogo ndani yake, piga simu. Gundi ya kuungia viatu hapana. Usilale nayo ikiwa inacheza. Ukiimeza, kwa kawaida hupita yenyewe. Ukipaliwa na kikohozi kisiishe, nenda hospitali.

Saba, ikishafungwa

Ganzi ikiisha waweza kula. Jino hai laweza kustuka kwa kahawa au maji ya barafu siku kadhaa. Likiendelea kuuma usiku, rudi. Kofia haiozi, lakini jino lililo chini yake huoza, na mlango wa uozo ni ule mstari inapokutana na jino kwenye ufizi. Piga mswaki mara mbili kwa dawa yenye floraidi, mswaki ukiulaza kwenye mstari huo. Mswaki wa mti ni mzuri na ni wetu, nao usafishe hapo hapo. Wengi huusugua juu ya meno tu, mbele ya kioo. Anayesaga meno usiku atengenezewe kinga ya kulalia, la sivyo jino la jirani nalo litataka kofia. Kofia iliyotunzwa hukaa miaka 10 hadi 15, na nyingine hupita hapo sana.

Nane, pesa

Bei hutofautiana kwa madini, kwa fundi wa maabara na kwa kama mizizi inahusika. Omba iandikwe: picha, mizizi, kujenga jino, kofia, na marekebisho ikivunjika mapema. Mara nyingi ugomvi huzuka kwa sababu mgonjwa alitajiwa bei ya kofia peke yake. Kama una bima, ya SHA ya serikali au ya kazini, pata jibu la maandishi kabla ya kuchongwa.

Muulize daktari maswali haya: kimebaki kiasi gani cha jino zima juu ya ufizi? Kiini ki hai? Nisipoweka kofia, unatarajia nini? Kofia nusu haifai? Anayekereka kuulizwa, mwachie kiti chake. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini Kenya, KMPDC, lina orodha ya waliosajiliwa, na leseni huhuishwa kila mwaka. Jina lisilokuwemo lisiguse kinywa chako. Wale wa kibarazani wanaomimina plastiki ya moto juu ya jino na ufizi wanakuuzia uozo uliofunikwa.

Kama huna uwezo kwa sasa, daktari aweza kuzipunguza ncha dhaifu na kuzifunika zote kwa kijazo kimoja kigumu. Si kofia, lakini hukuvusha miezi ukijikusanya. Na kung'oa nako ni tiba. Kofia juu ya mzizi uliooza ni hasara ya mara mbili.

Yule mzee alizibwa siku ile, akawahi basi. Baada ya Idi alipiga simu. Kijazo kilikaa siku kumi na nane. Kwa bahati ukuta wa upande wa ulimi ulikuwa bado umesimama, na milimita zetu 2 zilipatikana. Alichagua chuma kitupu. Siku ya kufungwa aliuma karatasi ya buluu mara sita, akakataa mara tano kwamba iko sawa, ya sita akanyamaza kidogo, akapitisha ulimi, kisha akauliza kama mkate wa mofa anaweza kuula usiku huo au angoje kesho.